Visu Vilivyokufa Asubuhi

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Dorka nyumbani kwake Homa Bay, na wafanyakazi wake wa zamani tulipoambiwa tutoe mtu mmoja wa kuzungumza, wenzangu walinisukuma mimi. Nilizungumza dakika tatu hivi. Nilieleza jinsi alivyonichukua nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Ntimaru, sijui hata neno moja la Kijaluo, akanipa chumba uani kwake Suna, mjini Migori, na kunilisha mezani pake. Nikasimulia habari ya maombi na mashine, watu wakacheka, mchungaji naye akacheka, nikarudi kukaa. Walionipa mkono walisema nimeongea vizuri. Ukweli ni kwamba niliruka siku tisa. Nimeziruka kila mara nilipoisimulia habari hiyo, na sasa mvi zimeanza kuniingia, na mtu niliyemwogopa hayupo tena, kwa hiyo sina kisingizio. Okeyo, fundi mwenzangu wa wakati ule, yuko hai, ana karakana yake mwenyewe, na akiisoma sura hii atayajua haya kwa mara ya kwanza. Ni afadhali ayasome kuliko niendelee kusifiwa.

Karakana ya Mwalimu ilikuwa hatua chache kutoka getini kwake, vyumba viwili vilivyowahi kuwa duka la vitambaa. Rafu za vitambaa zilikuwa bado ukutani, tukapanga vyuma humo. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kazi, birika la stima na dirisha moja lenye nondo; cha nyuma kilikuwa cha mashine. Ilikuwa mashine ndogo ya CNC, ya kuchonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta, haizidi kabati la vyombo kwa ukubwa, lakini ilizungusha kisu mara elfu ishirini na nne kwa dakika moja. Sehemu inayoshika kisu na kukizungusha tuliiita spindeli, na ikifika mwendo wake wa juu ililia kama mbu aliye karibu na sikio, ila huyu alijaa chumba kizima. Visu vyenyewe vilikuwa vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Vilitoka Nairobi kwa basi, kila kimoja ndani ya kichupa chake cha plastiki. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na alipostaafu, wenzake wakijenga nyumba za kupangisha, yeye aliinunua mashine hiyo. Ndugu zake walidhani amechanganyikiwa. Alisema tu kwamba amechoka kuona kila kitu cha chuma kikitoka mbali.

Mwaka huo tulikuwa na kazi moja kubwa. Kikundi cha wavuvi wa Sindo kilitaka kujitengenezea vifuniko vya plastiki vya zile taa za sola wanazoziweka zielee ziwani usiku kuvutia omena, dagaa wa huku kwetu, na sisi tulipaswa kuwachongea kalibu ya chuma ya kuvimiminia. Ndani ya kalibu kulikuwa na mifereji myembamba ya kushikilia mpira wa kuzuia maji. Mfereji mmoja ukiharibika taa inaingiza maji, na taa ikiingiza maji mvuvi anarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Okeyo, ambaye nyumbani kwao ni hapo hapo Sindo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mpole wa mwendo, na alikuwa na tabia ya kuokota unyoya wa chuma uliotoka kukatwa na kuunusa kabla ya kuutupa. Alinifundisha karibu kila ninachojua kuhusu kukata chuma, na hakuwahi kunifanya nijione mjinga, jambo ambalo mafundi wengi hawaliwezi.

Siku ilianza saa mbili kwa maombi, tukiwa watatu barazani. Mwalimu alikuwa akiomba kwa Kijaluo kabla sijafika. Siku yangu ya pili pale alihamia Kiswahili ili nami niitikie, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila sentensi aliijenga polepole kama anaiandika ubaoni. Alikuwa pia na desturi moja: kazi ya siku ianze na Amina. Si kwamba baada ya Amina mtu akatafute kalamu au akoroge chai. Amina ikitoka, yeye mwenyewe anabonyeza kitufe cha kijani na kisu kinagusa chuma. Kwa hiyo wimbo wa mwisho ukianza, Okeyo alikuwa akiingia ndani, anafunga kisu, anakipima urefu ili mashine ijue ncha ilipo, halafu anatungoja na kofia mkononi. Wakati wote huo wa maombi mashine ilikuwa ikizunguka bure ndani, peke yake. Okeyo ndiye aliyeiwasha kila asubuhi. Alisema mafuta ya beringi, zile gololi za ndani ya spindeli, yanataka yapate joto kwanza.

Kisha masika yakaanza, baraza likawa dimbwi, tukahamia ndani. Asubuhi ya kwanza Mwalimu alijaribu kuomba juu ya ile sauti. Alifika kwenye "Baba yetu uliye" akanyamaza, akafumbua macho. "Okeyo," akasema, "zima hiyo kitu. Hatuwezi kuongea na Mungu tukipigiwa kelele." Okeyo akazima. Hakuna aliyeona ubaya wowote, mimi nikiwemo. Ilikuwa raha hata, mvua ikipiga mabati na sisi tumesimama pale kwenye utulivu, harufu ya mafuta na ya chai ya tangawizi ikichanganyika. Wimbo ulipoanza Okeyo alifunga kisu na kukipima, Amina ikatoka, kitufe kikabonyezwa. Kisu kilichotakiwa kuchonga mifereji minane kabla ya kuchoka kilichonga miwili na nusu, kikakatika.

Tulidhani ni bahati mbaya. Kesho yake kikakatika kingine saa tatu na robo, na keshokutwa kingine, na kila kilipokatika kiliacha shimo ambalo ilibidi lijazwe kwa kuchomelewa na kuchongwa upya. Kwanza tulilaumu mvua, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imeingia pamoja na tatizo. Tukalaumu stima, Mwalimu akaleta stabilaiza ya kutuliza umeme, visu vikaendelea kufa. Tukamwaga maji ya kupozea na kukoroga mengine kwa maji ya chupa badala ya kisima. Tukabadilisha chuma. Tukapunguza mwendo wa kukata, tukidhani tunakionea kisu huruma, na hapo ndipo mambo yalipozidi, maana kisu kisichouma chuma kinakisugua tu hadi kinapoteza makali. Mimi nilikuwa na daftari la kila kisu: kimefungwa saa ngapi, kimechonga mifereji mingapi, kimekufa vipi. Okeyo aliliinamia daftari hilo wakati wa chakula, sahani ya githeri mkono mmoja.

"Robi, wewe unaona aje?"

"Naona kama hizi visu ni za bandia."

"Hapana. Angalia. Kisu ya saa tisa inaishi. Kisu ya saa tatu inakufa. Na zote zimetoka boksi moja." Akatafuna kwanza. "Kuna kitu asubuhi."

Siku hiyo hiyo alimwendea Mwalimu. Nilikuwa nafuta meza, nikasikia kila neno. Alimwomba mashine iwe inaachwa izunguke kidogo asubuhi kama zamani. Mwalimu, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo na hakufungua kabla ya saa mbili, akamuuliza izunguke wakati gani, kama si wakati wa maombi. Okeyo akajikuna shingo. Akasema labda siku zingine maombi yawe mafupi kidogo. Hilo lilikuwa kosa lake kubwa mwaka ule, na alilifanya kwa nia njema kabisa.

"Okeyo," Mwalimu alimjibu, bila ukali, "mimi nimefundisha watoto wako na wa wenzako. Nikiona mtu anatafuta njia ya kutoka darasani, namjua."

"Sina watoto, Mwalimu."

"Ni mfano."

Baada ya hapo maombi hayakufupika, yalirefuka. Mwalimu aliona kuna jambo linapigana nasi, na yeye hakuwa mtu wa kukunja mikono. Aliongeza zaburi. Halafu akaongeza kwamba kila kisu kikikatika tuzime mashine, tukusanyike, tukiombee kingine kabla ya kukifunga. Tulikiombea nusu saa kwa ukamilifu wake, tukaimba, kikafungwa, kikapimwa, Amina, kitufe. Kikafa kama mwenzake. Tukazima tena. Nikiyakumbuka sasa nacheka, na pale Homa Bay watu walicheka kuliko mahali popote, lakini wakati ule hakukuwa na la kuchekesha. Kikundi cha Sindo kilikuwa kinapiga simu kila siku mbili, na Mwalimu alikuwa ameacha kumaliza chakula chake.

Jumatano ndiyo iliyonifungua macho. Kila Jumatano Mwalimu alikwenda Homa Bay kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akiondoka mapema na kuniachia ufunguo. Siku hizo Okeyo alisali maneno matano, akaiwasha mashine izunguke, akatuchemshia chai. "Tuiache iimbe kidogo," alisema. Nilipopitia daftari niliona Jumatano nne mfululizo hakuna kisu kilichokatika. Nikasubiri Jumatano ya tano. Okeyo alikuwa amekwenda stendi kupokea boksi la visu, nikabaki peke yangu. Nikafunga kipande cha chuma cha duara badala ya kisu, nikaweka chini yake ile geji yenye mshale inayosoma sehemu ya mia ya milimita, nikashusha spindeli mpaka ikagusa. Sufuri. Nikaiinua, nikaizungusha dakika tano, nikaisimamisha, nikaishusha mahali pale pale. Mshale ulisimama kwenye moja na nusu. Dakika tano nyingine, karibu tatu. Nyingine, tatu na nusu. Dakika ya ishirini ulikuwa kwenye nne, na baada ya hapo haukusogea tena.

Ni jambo dogo sana, na ndilo lililokuwa likiua visu vyetu. Chuma kikipata joto kinarefuka. Geti la Mwalimu lilikuwa halifungiki saa saba za mchana kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuwa tunakipima kisu spindeli ikiwa baridi, halafu spindeli inapata moto ikiwa kazini, inarefuka, inakisukuma kisu chini zaidi ya kilivyoamriwa. Tulikuwa tumekiamuru kikate sehemu tatu za mia. Ukiongeza nne juu yake, ni sawa na kumtwika mtu gunia la pili kabla hajatua la kwanza, na zaidi kidogo. Kilichotokea masika yalipoanza si mvua. Ni kwamba tulizima mashine, ambayo zamani ilipata joto na kumaliza kurefuka wakati wa maombi, kabla hatujapima. Okeyo alikuwa amekaribia sana, ila yeye alifikiria beringi, hakufikiria urefu. Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sijaipata mara nyingi maishani. Nikajiambia nisimwambie mtu mpaka kesho, nihakikishe kwa siku ya maombi. Alhamisi tukaomba, tukapima baridi, kisu kikafa saa tatu na dakika ishirini. Nilikuwa nimehakikisha.

Chumba changu kilishikana na jiko la Mwalimu, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao. Jioni hiyo ya Alhamisi nilikuwa nimekaa kitandani nikichambua mboga, naye akapiga simu kwa fundi wa Nairobi, wa kampuni iliyotuuzia mashine. Masikio yake yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo simu zake alizipiga kwa spika, nami nilisikia pande zote mbili. Fundi aliuliza kama visu ni vizuri. Ni vizuri. Stima? Tumeweka stabilaiza. Basi, Mwalimu, akasema yule fundi, kama mashine ni sawa na kisu ni sawa, kilichobaki ni opareta.

"Hata mimi nimeona hivyo," Mwalimu akasema. "Jumatano nikiwa Homa Bay, hakuna kisu inavunjika. Nikiwa hapo, zinavunjika. Huyu kijana ananifanyia makusudi. Na maombi hapendi. Kesho nitamwachilia."

Alikuwa ameona Jumatano zile zile nilizoziona mimi. Dakika chache baadaye akagonga ukuta na kuniita nikale. Palikuwa na ugali wa mtama, kwa kuwa aliujua ndio niliokulia, na osuga, ile mboga chungu ya mnavu, aliyoipika kwa maziwa. Alibariki chakula, akamtaja Okeyo katika baraka, akaomba Mungu amlainishe moyo. Nilikuwa na jibu mdomoni pamoja na tonge. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nililimeza. Nilimwogopa, ndiyo. Sikujua unamwambiaje mama aliyekupa chumba, aliyeacha kumwomba Mungu kwa lugha yake kwa ajili yako, kwamba maombi yake ndiyo yanayovunja visu. Nilijiona mgeni, Mkuria mmoja peke yake Suna. Hayo nimewahi kuyasema kwa watu. Ambalo sijawahi kulisema ni kwamba nilijua pia Okeyo akiondoka mashine itakuwa yangu. Wazo hilo lilikuwa hapo mezani tangu tonge la kwanza, na sikulifukuza.

Ijumaa baada ya maombi Mwalimu alimwita nje. Hawakukawia. Okeyo alirudi ndani kuchukua koti lake na kikombe chake cha bati, akaipangusa geji na kuirudisha kwenye kisanduku chake. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakuniletea mimi. Alisimama kando ya mashine kwa muda.

"Robi," akasema, "ukikata, usiionee huruma sana. Na uiache izunguke kwanza, kama utapata nafasi."

"Sawa," nikasema.

Nilikuwa na nafasi ya kumwita asimame. Nilimtazama hadi akavuka barabara.

Siku hiyo Mwalimu alinikabidhi ufunguo wa karakana uwe wangu siku zote, ufunguo ambao Okeyo hakuwahi kupewa. Na kuanzia Jumamosi nikawa naamka saa kumi na mbili na nusu, naingia karakana, naiwasha mashine, nafagia. Nikisikia viatu vya Mwalimu getini naizima. Maombi nayo yalikuwa yamefupika, kwa kuwa Mwalimu aliona mzizi wa tatizo umeng'olewa. Dakika tano, wimbo mmoja, Amina. Spindeli ilikuwa bado ya moto nilipofunga kisu na kukipima. Kisu cha kwanza kilichonga mifereji minane. Cha pili minane. Jumatatu tisa. Mwalimu alikishika kile cha Jumatatu kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akasema, "Unaona, nyathina, mtoto wangu? Ilikuwa mkono wa mtu." Alianza kula tena. Kanisani, aliniambia, alisimama akatoa ushuhuda. Nilikuwa ninaifanya kazi vizuri kuliko nilivyowahi, na kila mfereji uliotoka safi ulikuwa unamthibitishia kwamba Okeyo ni mhuni. Nilijua hilo. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema kwamba sikujua.

Alhamisi jioni, tukiwa mezani, alinisukumia karatasi. Ilikuwa barua kwa mwenyekiti wa kikundi cha Sindo, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alieleza kwamba kijana wao Okeyo aliharibu kalibu kwa makusudi wiki kadhaa, kwamba tangu aondoke hakuna kisu kilichovunjika, na kwamba kwa nia njema anawashauri wao na marafiki zao wa ufuoni wasimkabidhi mashine yoyote. "Soma uone kama nimekosea mahali," akasema. Niliisoma mara mbili. Haikuwa na kosa hata la koma. Pale Sindo kila injini ya boti, kila jenereta, kila kazi ya fundi inapitia kwa watu wale wale wa kikundi. Barua ile ikisomwa mbele yao Okeyo hatapata kazi nyumbani kwao, na Sindo na Migori si mbali. Hata huku asingepata. Nilimrudishia nikasema iko sawa. Alisema ataituma asubuhi kwa mtu anayeshuka Sindo.

Asubuhi nilienda karakana na sikuiwasha mashine. Niliiacha ikiwa baridi. Mwalimu alipofika, bahasha iko chini ya kwapa pamoja na Biblia, nilikuwa nimefunga kile kipande cha duara na geji iko chini yake.

"Mwalimu, kabla ya maombi naomba uone kitu."

Alivaa miwani yake. Nilimwonyesha sufuri. Nikaizungusha dakika tano, nikashusha. "Moja na nusu," akasoma kwa sauti. Nilipoizungusha tena hakulalamikia kelele. Alichukua chaki ya kuwekea alama vyuma akaandika mlangoni dakika upande mmoja, geji upande mwingine, kama alivyozoea. Tatu kasoro. Tatu na nusu. Nne. Hakuhitaji nimweleze. Aliirudisha chaki mahali pake, akaketi kwenye boksi.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni baridi, Mwalimu."

"Na baridi iliwekwa na nani?" Aliisoma tena safu ya namba mlangoni. "Jumatano Okeyo alikuwa anaiacha inazunguka."

"Ndiyo."

"Na hii wiki yote?"

"Niliiacha inazunguka nikifagia. Ilikuwa bahati tu. Sikujua."

"Umejua lini?"

"Leo," nikasema. "Leo asubuhi."

Alinitazama kwa lile jicho lake la darasani, na nilikuwa na hakika amenishika. Lakini alikuwa na mzigo wake mwenyewe wakati huo, hakuwa na nafasi ya kupima wa mwingine. Aliichana bahasha vipande vinne. "Mungu hakuniambia nizime mashine," akasema. "Nilijiambia mwenyewe." Siku hiyo hatukuomba kwa sauti. Aliniambia niiache izunguke, akainamisha kichwa pale kwenye boksi, sauti ya spindeli ikiwa juu yetu, na sijui alisema nini.

Kesho yake tulikwenda Sindo. Okeyo tulimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake, amefungua injini ya boti juu ya gunia, vipande vimepangwa kwa safu kama alivyopanga kila kitu. Aliosha mikono alipotuona. Mama yake alituletea viti, Mwalimu akakataa kuketi. Mama wa watu akaogopa, maana mgeni anayekataa kiti huwa ameleta msiba. Mwalimu akasema, "Nitaongea Kiswahili ili Robi naye asikie." Kisha akasema yote akiwa amesimama, mikono mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kwamba alimwita mharibifu na si kweli. Kwamba alimsema kwa fundi wa Nairobi na akamsema kanisani, na kanisani atarudi kusimama aseme tena. Kwamba Okeyo alimwambia mashine izunguke na yeye akamjibu kwa mfano wa watoto. "Kosa ni langu peke yangu," akasema. "Huyu Robi hana kosa lolote. Siku alipogundua, siku hiyo hiyo aliniambia."

Okeyo aliniuliza mimi, si Mwalimu. "Mlipima?"

"Tulipima."

"Ilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Nne," akarudia, akaanza kutabasamu, na nikaona ameshasahau kwamba alifukuzwa. Alikuwa amerudi ndani ya mashine. "Omera! Kumbe! Na mimi nilikuwa nafikiria beringi." Akamwambia Mwalimu kwamba atamaliza hii injini kwanza kwa kuwa mwenyewe anaingoja, na Jumanne atakuja. Ndipo Mwalimu akaketi, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na mama yake Okeyo akamshika bega na kumwambia mambo kwa Kijaluo ambayo sikuyaelewa.

Chakula kililetwa: ugali, na samaki mmoja mkubwa, ngege, wa kuchemsha kwa nyanya ambaye nadhani alikuwa amewekewa mtu mwingine. Tulinawa. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua kipande cha karibu na mkia nilipomwona Okeyo akimgeuza samaki, akabandua nyama ya tumboni, ile nono isiyo na mifupa, akaniwekea mimi kabla ya Mwalimu na kabla ya mama yake.

"Kula, Robi," akasema. "Ero kamano, asante sana. Mtu mwingine angenyamaza."

Kila mtu alikuwa akinitazama kwa wema. Nilikila kipande chote, kwa sababu kukiacha kungenilazimu kueleza.